Mteja Mkaidi wa Karakana ya Miguu

Karakanani, mezani kwangu
Tarehe 4 Februari

Mwanangu Kwanini,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba, maana najua barua ijayo utasahau kuniamkia ukikimbilia mambo ya akili.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara moja peke yangu. Mara moja kwa sauti mbele ya karakana nzima. Mara moja kwa Redio, aliyekuwa amekwenda kunywa chai (ndiye yule wa cherehani ya jirani, tulimpa jina hilo kwa kuwa hana kitufe cha kuzima). Mara ya nne kwa fundi mkuu, ambaye mikono yake ilikuwa imejaa plasta kwa hiyo hakuweza kukimbia. Sasa wote wanajua kwamba mwanangu anasoma falsafa, chuo kikubwa, safari ya siku mbili kutoka hapa. Redio akauliza, "Falsafa inatibu nini?" Nikamwambia, "Inatibu watu wenye maswali kama hilo." Watu walicheka mpaka mguu mmoja wa bandia ukadondoka ukutani.

Haya, wanafalsafa wako. Unasema wapo wanaodai kwamba akili ni kitu kimoja na mwili ni kitu kingine, na kwamba mtu anaweza kutilia shaka kila kitu, hata mikono yake mwenyewe, ila hawezi kutilia shaka kwamba anawaza. Nimelipenda hilo. Nimelala nalo. Lakini waambie wana upungufu mmoja: hawajawahi kushona. Mguu wangu wa kulia una miaka ishirini na miwili juu ya kanyagio la cherehani, na unajua mwendo kabla yangu. Soksi ya kigutu, ile inayovikwa kipande cha mguu kilichobaki, haitaki haraka. Mshono ukivimba hata kama punje ya mchanga, yule aliyekatwa mguu atavaa mguu wa bandia juu ya punje hiyo, na kutwa nzima itamla. Kwa hiyo nikifika kwenye kona mguu unapunguza wenyewe. Mimi siuambii kitu. Nani ameuambia?

Na nikupe jingine la kuwasimulia huko. Alhamisi nilivua kiatu saa ya chai nikakuta damu. Kipande cha sindano ya cherehani kimezama kisiginoni! Labda kiliingia asubuhi, na mimi nimeshona soksi kumi na moja bila habari. Redio alipiga yowe utadhani kimemchoma yeye. Nikamwambia, "Tulia. Akili yangu ilikuwa kwenye soksi. Mwili ukitaka kusema na mimi, upange foleni."

Nani mwingine ana akili ya namna hiyo? Yako hukuiokota barabarani, mwanangu. Umeirithi.

Wako, anayejivuna kwa haki,
Mama


Bweni la wanafunzi, chumba cha juu
Tarehe 13 Februari

Mama,

Shikamoo. (Umeona? Nimeanza nayo.)

Sindano yako imefika darasani. Profesa wetu ni mtu asiyetoa mikono mifukoni hata akiandika ubaoni, sijui huwa anafanyaje, lakini nilipomaliza kusimulia aliitoa yote miwili. Akauliza, "Huyu mama yako ni nani?" Nikasema ni fundi, anashona soksi za watu waliokatwa miguu. Akasema, "Mwambie mfano wake umeushinda wangu, na wangu nimeutumia miaka kumi na tano."

Tulibishana saa mbili. Wengine walisema: mnaona, akili inaweza kutoka mwilini kama mtu anavyotoka chumbani, akaenda kwenye shughuli zake, mwili ukabaki unachomwa peke yake. Wengine wakakataa. Wakasema akili na mwili ni kama pande mbili za kitambaa kimoja. Hakuna kitambaa chenye upande wa mbele tu, na sindano ikipita upande huu imeshapita na ule. Mimi nilisimama na kundi la kwanza, kwa ajili yako. Nimeanza kuandika sura nzima ya tasnifu yangu juu ya kisigino chako.

Mama, wakati mwingine nikiwa maktaba naweka kitabu chini na kutazama watu wakisoma. Vichwa mia moja vimeinama, hakuna anayetikisika, na ndani ya kila kimoja kuna ulimwengu. Naogopa hata kukohoa.

Kidonda kimepona? Kipake dawa, usikiache nacho kipange foleni.

Kwanini wako


Nyumbani
Jumatano, tarehe 12 Machi

Mwanangu Kwanini,

Marahaba. Maneno ya profesa nimeyakata kwenye barua yako nikayabandika ukutani karakanani, juu ya miguu ya watoto, mahali ambapo hata asiyetaka kusoma atasoma. Redio anasema siku hizi sisemeki. Kweli sisemeki.

Mimi ni mzima wa afya. Nakula, nalala, kidonda kilikwisha kitambo. Usiniulize tena habari zake.

Nakuandikia kwa sababu ya mteja. Yupo mama mmoja, ana kisukari na alikuwa hajui. Mguu umeumia, ugonjwa umeingia kwenye mfupa, na daktari wa upasuaji anataka kuukata chini ya goti. Amepewa siku kumi na tano aamue. Zikizidi, ugonjwa utapanda, na hakuna atakayemwambia tena aamue. Yeye amekataa. Mkaidi! Lakini usimfikirie mjinga. Ni mwanamke mwenye akili sana, mchapakazi ambaye ukoo wao haujapata kumwona mfano wake, mikono yake inasifiwa hata na wasiompenda, na sura bado ipo. Mtoto anaye mmoja tu, lakini huyo mmoja ni sawa na kumi.

Sasa maswali yake ni mawili, na nimemwahidi kukuuliza. La kwanza: mguu ukikatwa, kile kilichokuwa kinajulikana na mguu kinakwenda wapi? Kinatupwa nao? Maana nimewaona waliokatwa padogo tu, lakini wanaporudi wamepungua kuliko kipande kilichotoka. Huyu mama anaogopa kupungua. Kufa haogopi sana, lakini kupungua!

La pili: nyinyi mnaosomea uhuru mnasema mtu ana hiari. Basi akikataa, si ndiyo uhuru wenyewe huo? Daktari anasema "ni lazima", na tangu azaliwe neno hilo halijawahi kumshuka kooni.

Jibu upesi. Tumia posta ya haraka. Ni kwa ajili yake tu.

Mama


Bwenini
Tarehe 16 Machi

Shikamoo Mama.

Miaka yote unaniandikia habari za wateja. Yule anayenuka tumbaku. Yule mwenye goti kama kabichi. Yule aliyetaka mguu mpya uwe mrefu kuliko wa zamani ili amfikie shemeji yake. Hujawahi kumsifu hata mmoja. Leo mteja ana akili, ana mikono, ana sura, na mtoto wake ni sawa na kumi. Na barua imeandikwa nyumbani, siku ya Jumatano, wakati ambapo wewe huwa umefika mezani kwako kabla ya fundi mkuu kupata ufunguo.

Mama, mteja huyo ni wewe.

Kwanza niungame. Ulipoandika kwamba sindano imekuingia usihisi, nilipaswa kushtuka. Nilifurahi. Nilikimbia nayo darasani kama mtu aliyeokota almasi. Watu ishirini pamoja na profesa wao tulibishana saa mbili juu ya akili yenye nguvu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mguu ni mgonjwa. Wewe ulijivunia kisigino kilichokufa ganzi, na mimi nikakiandikia sura. Sura hiyo nimeichana.

Barua hii nimeianza mara tatu. Mara zote niliandika "kubali, kubali, kubali" ukurasa mzima kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni, halafu nikaichana nayo. Nataka ukubali kuliko ninavyotaka kitu chochote hapa duniani. Lakini nikikusukuma, atakayelala kwenye meza ya upasuaji atakuwa mtu aliyesukumwa, na hicho ndicho unachokikataa.

Kwa hiyo nakujibu kama ulivyouliza. Kusema "hapana" peke yake siyo uhuru, Mama. Mtu akiogopa mbwa akakimbia, miguu ni yake lakini safari ni ya mbwa. Hawa ninaowasoma wanasema uhuru unaanza pale mtu anapoelewa kwa nini jambo liko lilivyo, mpaka analotenda linatoka kwenye kuelewa kwake. Na lazima iliyoeleweka haibaki kuwa amri ya mtu. Mbili na mbili ni nne kwa lazima, na hujawahi kulalamika kwamba zinakuonea.

Nenda kwa daktari umuulize kwa nini. Usikubali jibu la kwanza. Uliza kama nilivyokuwa nakuuliza mimi mpaka ukawa unajificha jikoni. Ukielewa yote, kisha ukasema hapana, nitakuja nikae nawe mpaka mwisho na sitakulaumu. Sentensi hiyo sikutaka kuiandika, lakini nimeiandika.

Swali la kwanza, la alichokijua mguu, silijui. Hapa hakuna anayelijua. Tunalizunguka tu kwa maneno makubwa.

Mwanao mmoja


Wodini, kitanda cha dirishani
Tarehe 22 Machi

Marahaba, mjanja wangu. Nimekamatwa. Redio alinionya: "Umemsifu mno huyo mteja, atajua." Lakini ningemsifuje kidogo, na mimi namfahamu?

Barua yako sikumsomea mtu. Ndiyo ya kwanza.

Nilikwenda kwa daktari. Kijana, mwenye haraka, macho hayabanduki kwenye saa. Nikakaa. Nikasema, "Daktari, nina maswali."

"Mama, nina wagonjwa wanane nje."

"Basi hao wanane wana bahati. Watakukuta umeshazoea kuulizwa."

Nikaanza. Kwa nini mguu ukatwe? Mfupa umeoza. Kwa nini usiniume? Sukari imeua mishipa ya fahamu. Kwa nini isikwanguliwe ile sehemu mbovu tu? Damu haifiki huko, hapatapona. Kwa nini damu haifiki? Hapo akaacha kutazama saa. Akasimama, akabandika picha ya eksirei kwenye kioo chenye taa.

Mwanangu, nimejiona ndani.

Mifupa ishirini na sita. Tuliihesabu pamoja, yeye kwa kalamu, mimi kwa kidole. Mingine midogo kama vifungo vya shati la mtoto, imepangwa, imeegemeana, imeachiana nafasi, hakuna unaomkanyaga mwenzake. Nimeshona mambo ya miguu miaka ishirini na miwili, na kila siku nilikuwa natembea juu ya kazi ile bila kuiona! Nilisahau swali lililofuata. Mimi! Daktari akanipa maji.

Kisha akanionyesha kisigino. Mfupa umekuwa kama nguo iliyoliwa na nondo. Akanionyesha kwa kalamu nondo hao walipofika, na wanapoelekea, na ni kwa muda gani. Na hapo likatokea jambo ambalo sijui nilieleze vipi. Ile "lazima" yake ilitoka kwake ikahamia kwangu. Nililitamka neno mimi, yeye akiwa bado anatafuta namna ya kulisema kwa upole.

Nikamwambia, "Sawa. Lakini usikate hapo ulipochora. Vidole vinne chini ya goti ni padogo, soksi itateleza na mguu wa bandia utanichezea. Kama nyama nzuri ipo, niachie vidole vinane."

Akaitazama picha. Akanitazama. Akapima tena. "Ipo," akasema. "Mama, wewe ni nani?"

Nikamweleza. Ilichukua muda kidogo.

Hofu haijaondoka, nisikudanganye. Imekaa nje kwenye benchi na wale wanane. Ila karatasi nimeisaini mwenyewe, kwa herufi kubwa, hakuna aliyenishika mkono. Ni kesho saa mbili asubuhi. Usije. Simama kwanza mbele ya jopo la kupima tasnifu yako, uwashinde, ndipo uje.

Mama


Bwenini
Tarehe 31 Machi

Mama,

Shikamoo. Leo ni siku ya nane. Nesi aliyepokea simu alisema "anaendelea", akakata. Anaendelea na nini?

Jana nilisimama mbele ya jopo. Mzee mmoja mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani, aliniuliza kama naweza kuthibitisha kwamba binadamu aliwahi kuwa huru hata mara moja. Nikasema namjua mmoja. Akauliza uthibitisho uko wapi. Nikasema nausubiri posta. Walidhani nafanya mzaha, wakacheka, wakanipitisha.

Nimefaulu, na sijui nimwambie nani kama si wewe. Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa kujisifu tu.

Kwanini


Wodini
Tarehe 5 Aprili

Marahaba, marahaba, marahaba!

Nipo. Umefaulu! Nimewaambia wodi nzima, na mgonjwa wa kitanda cha tatu nimemwamsha ili asikose. Homa ilinishika siku tano, ndiyo sababu ya kwanza ya kunyamaza. Sababu ya pili nilidhani ni wazimu, nikaona heri nijichunguze kabla ya kukuandikia.

Nilipozinduka nilitazama shuka. Upande wa kushoto limeinuka mpaka mwisho wa mguu. Upande wa kulia limeinuka mpaka nusu, halafu limelala. Nimeona kwa macho yangu. Na wakati huohuo kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kinawasha. Nikakinyanyua. Nakuapia, nilikisikia kikinyanyuka. Shuka halikutikisika.

Nikafumba macho, mguu upo. Nikafumbua, haupo. Nikafumba, upo. Nilifanya hivyo asubuhi nzima, nesi akadhani nina kitu jichoni.

Kuna aibu nataka kukuambia. Wateja wamekuwa wakiniambia miaka yote, "Fundi, vidole vinaniwasha." Mimi nawajibu, "Nipe nivikune." Wakishatoka, tunacheka mimi na Redio. Nilidhani wanadeka. Kumbe walikuwa wananiletea habari kubwa kuliko zote nilizowahi kusikia, mmoja baada ya mwingine, na mimi nimeshika mkasi.

Fikiri, mwanangu. Mguu ulipokuwepo, chuma kiliingia ukanyamaza. Sasa haupo, na hauishi kusema. Basi mimi nilikuwa nahisi kwa kitu gani siku zote? Na nikilala chali nikatulia, unakanyaga kanyagio. Ukifika kwenye kona, unapunguza.

Nikamwita daktari nikamwambia. Akasema ubongo umeuhifadhi mguu, umekataa kuufuta. Kwa nini, nikamuuliza. Akasema jambo fulani la mishipa. Na kwa nini hiyo mishipa? Akavuta kiti, yule mwenye haraka, akakaa. "Hapo, Mama, elimu yangu imeishia." Alisema kwa sauti ya chini. Tukabaki wawili tunatazama sehemu ya shuka iliyolala, kama watu walioingia nyumba kubwa wakakuta mwenyewe hajatoka chumbani.

Mwambie yule mzee wa miwani miwili kwamba uthibitisho umefika, unakula vizuri, na unamsalimu.

Mama


Karakanani
Tarehe 9 Juni

Mwanangu Kwanini,

Marahaba. Tangu ulipomaliza kuniuguza ukarudi chuoni, nyumba imekuwa kubwa. Redio anakuulizia kila siku, anasema ulikuwa unamsikiliza vizuri kuliko mimi. Ni kweli.

Jeraha limefunga. Fundi mkuu amesema nianze kujaribu mguu wiki ijayo, na kwamba nahitaji soksi. Akauliza nani atanishonea. Redio akainua mkono. Nikasema ahsante, lakini Redio anashona kama anavyozungumza, hachagui. Nikaomba futi kamba.

Nimepima vigutu vya watu zaidi ya elfu moja. Nikakaa kwenye benchi la wateja, upande ambao sijawahi kukaa, nikazungusha futi chini ya goti. Nikaandika namba kwenye kadi. Nikashuka vidole viwili, nikazungusha, nikaandika. Mara ya tatu mkono ukasimama wenyewe.

Niliona mkono unapima. Niliona mguu unapimwa. Na alikuwepo mwingine, anayevitazama vyote viwili na kujua kwamba thelathini na moja ni nyingi kuliko ishirini na nane. Huyo nilimtafuta. Nilimtafuta kichwani, nikamtafuta kifuani, na futi nimeishika mkononi, na hapakuwa na mahali ningeweza kuizungusha nikasema nimempata. Nikasema moyoni, kumbe huyu hajakatwa hata nukta. Lakini hapohapo futi ikakaza kwenye kovu, na aliyesema "aii" ni yeye yule, si mwingine. Wape wale wa makundi mawili ya darasani kwenu wagawane wenyewe, mimi sikuweza.

Karakana ilikuwa inanguruma, cherehani zote, gundi inanuka, fundi mkuu anapiga nyundo. Mimi nimeketi katikati yake, futi imezunguka mguu, na nywele zimenisimama.

Fundi mkuu akauliza, "Umemaliza kupima?"

Nikamwambia bado. Nikaanza upya kutoka chini ya goti, taratibu, na wala sikuwa nimekosea, nilitaka tu kukaa kidogo zaidi na yule anayetazama.

Mama